Mwaliko Uliosomwa Barabarani

Wasemaji watatu walikuwa wamekubali kuja, na kufikia Jumatatu wawili walikuwa wameugua. Mzee Isaiah Andati wa Ekero alikuwa anaumwa mguu. Mama Milcah, mkunga wa Lurambi, alikuwa ameshikwa na kifua. Habari zao zilifika kwa Mwalimu Makhanu kwenye vikaratasi viwili vilivyokunjwa, na Mwalimu, aliyefundisha miaka thelathini na kusoma barua chungu nzima za wazazi wanaowaombea watoto ruhusa, aliutambua uongo wa adabu mara alipouona. Alivua miwani, akavisukuma vile vikaratasi hadi upande wa pili wa meza, alikoketi Edah, karani wa kamati.

"Soma mwenyewe, Mama Awinja."

Edah alisoma. Aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Wasemaji wote watatu alikuwa amewaalika yeye, na wote walikuwa wamemwambia ndiyo.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tisa, na mjini Kakamega watu waliowahi kuiona tovuti kwa macho yao wangetosha benchi moja na nafasi ibaki. Lakini shirika moja la Nairobi lilikuwa limeahidi kompyuta mbili, laini ya simu na mshahara wa mtu mmoja kwa kikundi cha wananchi ambacho kingefanya mkutano wa kujenga tovuti ya jamii. Sharti lilikuwa moja: wapatikane wasemaji watatu wa eneo hilo, watu wenye maneno yanayostahili kusomwa na dunia. Majina yalikuwa yameshapelekwa Nairobi. Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa pale Amalemba. Msemaji mmoja akikosekana, kompyuta zingekwenda mji mwingine uliokuwa ukingoja zamu. Na yule mtu wa mshahara, kamati ilikuwa imeelewana kwa mdomo, angekuwa Edah, kwa sababu alijua kupiga taipu na hakuwa mtu wa kelele.

Aliihitaji kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kusema mbele za watu. Mumewe, Onesmus Osiako, alizikwa Ekero mwezi wa nane. Tangu hapo Edah alikuwa akitaipu barua za watu kwenye kibanda kimoja karibu na soko, siku nyingine kazi ipo, siku nyingine hakuna. Akikosa kazi hii ya Jumamosi, yeye na binti yake Awinja wangefunga virago, waiache nyumba ya Amalemba, warudi Ekero kukaa chini ya shemeji yake. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

"Labda tungewatumia barua za posta tangu mwanzo," alisema.

"Hapana," Mwalimu akakataa. "Mtu mzima anaalikwanga na miguu. Barua ya posta ni ya kukuita kortini. Miguu yako umewapelekea, na wakakubali. Sasa rudi uulize ni nini kimeingilia kati."

Mwalimu alikuwa mtu mzuri, lakini wema wake ulikuwa wa kichwa sana. Hakukumbuka hata kidogo kuuliza ile miguu ilikuwa ya nani.

Jumanne asubuhi Edah alifika Lurambi. Mama Milcah alikuwa uani akianika maharagwe juu ya gunia, wala hakukohoa hata mara moja. Alipomwona Edah akishika mlango wa ua, aliinuka upesi kwa mwanamke wa umri wake.

"Mama Awinja, simama hapo hapo. Usiudhike, mama. Simama tu hapo."

Edah akasimama, mkono ungali kwenye mti wa lango. "Kifua kinaendeleaje?"

"Kifua changu hakijawahi kuwa na shida." Milcah alijifuta mikono kwenye leso. Alitazama nyumba ya jirani, kisha akakaribia hadi wakawa hatua tano hivi. "Wewe ulikulia wapi?"

"Nakuru. Baba alikuwa anafanya kazi huko."

"Ndiyo maana. Mtoto wa Nakuru." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Edah zaidi kuliko matusi. "Siku ile ulipokuja sikuwa nyumbani. Ulifungua mlango ukaingia, ukaketi kwa kiti ukaningoja. Niliporudi nilikukuta ndani. Ulifikiri ni kwa nini nilizungumza na wewe nikiwa nimesimama nje?"

Edah alikumbuka. Alikuwa amedhani ni unyenyekevu wa wazee. Akakumbuka na kwa Mzee Andati pia, jinsi alivyotolewa kiti hadi langoni, akaketi kwenye upepo na kushukuru kwamba mgeni anaheshimiwa hivi. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Kwetu huku mjane ananyolewa kwanza," Milcah akaendelea kwa sauti ya chini. "Bila kunyolewa haingii kwa boma ya mtu. Wewe umezika mwezi wa nane, na nywele yako bado iko. Mimi ni mkunga. Watoto wachanga wanaletwanga hapo kwa hicho kiti ulichokalia. Siku ya tatu, mama mmoja wa hapo chini alijifungulia kwake peke yake badala ya kuja kwangu. Peke yake, Mama Awinja. Alisema hawezi kuingia mahali palipoingiliwa."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mama Milcah."

"Hata mimi. Naimbanga kwaya. Sijui hata kama hiyo maneno naiamini." Aligeuka kuutazama mlango wake. "Lakini mtoto akifia mikononi mwangu mwezi huu, watasema ni kwa sababu ya nani?"

Alijisikia mchafu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alikasirika kwamba amejisikia hivyo. Alikuwa amekuja kuuliza mtu hali yake, sasa anaambiwa kwamba hata kiti alichokalia kimewatia watu hofu.

"Kwa hiyo ni mimi. Si mkutano."

"Mkutano hauna shida. Hata nilikuwa nimeshapanga cha kusema. Ungeniita ukiwa hapo barabarani, nani angesema neno? Barabara si nyumba ya mtu."

Edah aliachia lango. Alirudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu, akavuka kimtaro hadi nyayo zake zikawa juu ya kokoto za barabara. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa maji alipunguza mwendo ili asipitwe na jambo.

"Mama Milcah!" aliita. "Kamati ya tovuti ya jamii inakualika uje Jumamosi, saa tatu, Amalemba, uwaambie watu habari za uzazi wa kina mama wa hapa kwetu."

Milcah alicheka, kisha macho yakamjaa machozi, akacheka tena. "Sasa nimesikia," alisema. "Nitakuja."

Alipomweleza Mwalimu, mzee yule aliisugua miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Nisamehe," alisema mwishowe. "Nilijua desturi hiyo tangu utotoni. Sikuifikiria tu. Nilikuona kama karani." Akakohoa. "Naweza kumtuma mtu mwingine kwa Mzee Andati. Lakini nikuambie ukweli. Mtu huyo akifanikiwa, kamati itauliza kwa nini tusimpe yeye na kazi. Tayari wawili wamekwisha kuniuliza."

"Wameuliza nini?"

"Kama utaweza kuzunguka kwa watu."

"Usimtume mtu, Mwalimu," Edah alisema. "Bado sijamaliza."

Jumatano alasiri Erastus alikuja kutoka Ekero. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mpimaji wa miwa, mtu mrefu aliyeinamisha kichwa kila mlangoni hata pale ambapo mlango ulikuwa na nafasi. Alileta kuku hai aliyefungwa miguu. Yeye kuingia haikuwa shida, maana hii ilikuwa nyumba ya ndugu yake. Edah alisonga ugali, wakala na mboga. Awinja, mwenye miaka kumi na mmoja, alikaa kwenye mkeka akijifanya anasoma.

Erastus alipomaliza kunawa, alisema, "Mzee Andati amenituma. Anasema hatakuja. Anasema pia usirudi kwake, kwa sababu watu wamemwuliza kwa nini aliweka kiti chake nje kwa ajili yako, na sasa hicho kiti hakuna anayekikalia."

"Amekichoma?"

"Bado. Kiko nyuma ya jiko." Erastus hakucheka. "Mulamwa, shemeji yangu, sikuja kugombana. Ni asubuhi moja tu. Njoo Ijumaa. Shangazi atakunyoa, utaoga, tutachinja huyo kuku, na Jumamosi utaingia kwa mtu yeyote unayemtaka, hata kwa chifu. Mzee Andati mwenyewe amesema ukifanya hivyo atakuja kusema maneno yake. Nani atajua? Utafunga kitambaa."

Edah alitazama sahani zilizokuwa mbele yake. Ilikuwa rahisi kweli. Wembe wa shilingi chache, maji, asubuhi moja, na kazi ingekuwa yake. Nywele zingeota tena kabla ya Krismasi. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda sana kuambiwa kwamba ni asubuhi moja tu.

"Onesmus alinikataza," alisema.

"Onesmus alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa na akili zake zote. Alinishika mkono pale wodini akaniambia, Edah, wasikuguse kichwa. Akanieleza alivyomwona mama yenu akinyolewa. Alisema walimketisha nyuma ya nyumba, watu wamejaa, wengine wanacheka, na yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa akichungulia katikati ya miguu ya watu. Alisema mama alikuwa anaomba wamfunike kifua na hakuna aliyemfunika."

Kuku alijipigapiga sakafuni, kisha akatulia.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili," Erastus alisema polepole. "Mimi ndiye nilishika beseni."

Awinja aliinua macho kutoka kwenye kitabu.

"Na bado unataka nije?" Edah aliuliza.

"Nataka watu wakufungulie mlango, mulamwa. Sina kingine. Hii nyumba ya kukodi utaikalia mpaka lini? Na huyu mtoto, akialikwa kwa wenzake, ataambiwa asimame wapi?"

Hayo ndiyo yaliyompata Edah. Alijikuta ameuweka mkono juu ya kichwa chake, juu ya nywele alizokuwa amezisuka mwenyewe Jumapili, akauondoa upesi aliposhtuka kwamba mtoto anamtazama. Aliogopa. Aliogopa kukataa na aliogopa kukubali, na katika hofu zote mbili hakuona ipi ilikuwa ya busara.

"Mwambie shangazi asiningoje," alisema. "Na umrudishie kuku wake."

"Kuku ni wangu," Erastus alijibu kwa upole. "Nimewaletea nyinyi. Mle."

Alhamisi Edah alivaa nguo yake nyeusi nadhifu, akatia barua kwenye mkoba, akaenda Ekero. Alifika saa nne. Boma la Mzee Andati lilikuwa kando ya barabara ya matrekta, na upande wa pili wakata miwa walikuwa kazini, mashati yamelowa masizi ya miwa iliyochomwa. Edah hakugusa lango. Alisimama katikati ya barabara, mahali ambapo trekta lingemlazimu kuhama, akatoa barua.

Alikuwa ameisoma mara nyingi wakati wa kuitaipu, lakini kuisoma kwa sauti ni kazi nyingine. Mwanzoni alianza kwa sauti ya chini mno. Mkata miwa mmoja aliinua panga lake begani, akamwangalia.

"Kwa Mzee Isaiah Andati!" Edah alianza tena. "Kwa heshima kubwa, kamati inakualika uwe msemaji katika mkutano wa kujenga tovuti ya jamii, Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, Amalemba. Wewe ni miongoni mwa watu wa kwanza waliopanda miwa hapa. Tungependa watoto wetu, na watu wa mbali, wasome kutoka kinywani mwako jinsi watu walivyoishi hapa kabla ya miwa na baada yake. Wako mtiifu, Edah Osiako, karani."

Mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka kidogo. Ndani ya ule ufa Edah aliona kiwiko cha mkono na fimbo. Wakata miwa wote walikuwa wameacha kazi. Wanawake wawili waliotoka kisimani walikuwa wamesimama, na mmoja wao alinong'ona kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichika, "Ni yule wa Osiako, yule amekataa."

"Hata mvua ikinyesha, mkutano upo," Edah aliongeza, jambo ambalo halikuandikwa kwenye barua. Hakujua kwa nini alilisema. "Sikuingia kwako, Mzee. Niko barabarani. Nimealika."

Kile kiwiko kiliondoka, na mlango ukafungwa.

Edah aliikunja barua, akaiweka kando ya barabara, mbele ya lango, akaweka jiwe dogo juu yake upepo usiichukue. Kisha akaondoka. Alitembea bila kuinamisha kichwa mpaka alipopita shamba la mwisho, na hapo ndipo alipolia, akiwa peke yake, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko walivyotazamia. Watu walikuwa wamesikia kwamba kuna kompyuta, na kweli ilikuwepo, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha madhabahu, ikiwaka rangi ya bluu. Cindy, msichana wa shirika kutoka Nairobi, aliwaruhusu wazee kubonyeza kidogo. Mzee mmoja alibonyeza herufi moja, ikajaa kioo kizima, akarudi nyuma kama aliyevunja kitu cha watu.

Edah aliketi kwenye meza ya pembeni na daftari la kumbukumbu. Mbele kulikuwa na viti vitatu. Kimoja alikikalia Chepkorir, yule ambaye hakuwa ameugua, mwalimu wa kompyuta kutoka Likuyani, kingine Mama Milcah aliyevaa sare ya kwaya. Cha tatu kilikuwa kitupu.

Chepkorir alianza. Hakuwa na maneno mengi. "Websaiti ni kama ubao wa matangazo pale kwa chifu," alisema. "Tofauti ni kwamba huu ubao, ukiubandika karatasi hapa, mtu anausoma akiwa Kitale, mwingine akiwa Kampala, mwingine ng'ambo, siku hiyo hiyo. Mahali popote penye mashine kama hii." Milcah naye alisema habari za akina mama wanaobebwa kwa kitanda cha kamba usiku wa mvua, na ukumbi ukatulia. Cindy aliangalia saa, akamwangalia Mwalimu.

"Tukimsubiri msemaji wa tatu," Cindy alisema, "niwaeleze kazi ya yule mhudumu. Kazi kubwa si kukaa kwa kompyuta. Ni kwenda nyumbani kwa watu. Anakaa na mtu, anamsikiliza, anaandika, anachukua picha zake za zamani, ndiyo inaingia kwenye tovuti. Mmeshapata mtu wa kufanya hivyo?"

Mwalimu Makhanu alifungua kinywa, akakifunga. Mjumbe mmoja wa kamati akajibu kwa niaba yake, akiwa bado ameketi.

"Yuko mtu tulimfikiria. Lakini hapo kwa kuingia nyumba za watu, kuna shida kidogo."

"Shida gani?" Cindy aliuliza. Hakujua chochote, na hakuwa na kosa.

Watu sitini na zaidi walitazama chini, na kwa jinsi walivyotazama chini wote walikuwa wakimtazama Edah. Aliishika kalamu kwa nguvu. Aliandika kwenye daftari: *Swali la mhudumu kuingia nyumba za watu. Halikujibiwa.* Hayo ndiyo yaliyokuwa yametokea, na yeye alikuwa karani.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mzee Isaiah Andati aliingia katika koti zito na viatu vilivyojaa vumbi la safari, fimbo mkononi. Hakuchechemea hata kidogo. Alipita katikati ya watu bila kuwasalimia, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa umri wake, akafika mbele, wala hakuketi.

"Niliitwa niseme habari za miwa," alisema. "Nitasema siku nyingine. Wewe," alimgeukia Chepkorir, "nimesimama hapo nje ya mlango tangu ulipoanza, nikiogopa kuingia. Umesema hiyo kitu inasomwanga Kitale?"

"Ndiyo, Mzee. Penye mashine."

"Na Uganda?"

"Na Uganda."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliegemea fimbo kwa mikono yote miwili, akaanza kusema akiwa ametazama sakafu.

"Niko na binti anaitwa Nafula. Aliolewa huko Lugari. Mwaka wa tisini na tano bwana yake alikufa. Watu wa bwana yake walimtoa siku ya nne, hata hawakumnyoa, walitaka shamba. Akaja kwangu na watoto wawili. Nilimwona akiwa mbali, anakuja na barabara ya matrekta. Nikatoka. Nikamwambia asiingie. Nikamwambia hajanyolewa, aende akatafute nani wa kumnyoa, halafu arudi. Mvua ilikuwa imeanza. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni. Mama yake Nafula alilia ndani ya nyumba, nikamwambia anyamaze. Nilimfukuza. Watu waliniambia nimefanya vizuri, nimelinda boma. Sijamwona tena. Wengine wanasema yuko Kitale, wengine wanasema alivuka mpaka."

Mama Milcah alikuwa ameficha uso kwa leso.

"Juzi huyu mama alisimama pahali pale pale." Kwa mara ya kwanza alimtazama Edah. "Pale pale Nafula alisimama. Akasoma barua yangu, hakukanyaga hata majani ya ua. Akasema hata mvua ikinyesha. Nikafunga mlango. Siku mbili sijakula." Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Basi kama hiyo mashine inafika Kitale, andikeni maneno yangu. Si ya miwa. Andikeni ya Nafula. Umeandika?"

"Nimeandika, baba," Edah alisema.

"Soma nisikie."

Edah alisimama na daftari. Alikuwa ameandika haraka, na alisoma polepole. "Mimi Isaiah Andati wa Ekero namtafuta binti yangu Nafula, aliyeondoka kwangu mwaka wa tisini na tano na watoto wawili. Alikuja kwangu akiwa amefiwa na mume. Nilimwambia asubiri kwanza barabarani..."

"Hapana," Mzee alimkatiza. "Sikusema hivyo."

Edah alijua. Alikuwa amelainisha neno moja, kwa sababu ni mzee, kwa sababu ukumbi umejaa, kwa sababu hata mtu aliyekukatalia lango hutaki aibike mbele za watu.

"Nilisema nilimfukuza."

"Ndiyo, baba."

"Andika hivyo. Akisoma kwamba nilimwambia asubiri, atajua bado nadanganya."

Edah alikata neno, akaandika lingine juu yake. Kalamu ilisikika ukumbini. Cindy, ambaye sasa alikuwa ameelewa ile shida kidogo ni ya nini, alikuwa ameketi na mikono mapajani.

"Kuna picha yake," Mzee akaendelea. "Ya siku ya harusi. Wataihitaji, ndiyo watu wamjue. Iko ukutani, kwa chumba cha kukaa, na sitaitoa nje, mama yake hataki iguswe na watu wengi. Jumatatu saa nne njoo uichukue."

Edah alimtazama. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama karani anayetaka kupata maelezo kamili.

"Nitasimama wapi, baba?"

Mzee Andati aligeuka kuutazama ukumbi. Watu wa Ekero walikuwemo ukumbini, wale wale waliomwuliza habari ya kiti, na alijua wanamsikia.

"Utaingia," alisema.

Edah akainama, akaandika na hilo pia: Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa Mzee Andati, ndani.